Namna Tulivyopeleka Tanzania Ndogo Lilongwe

Kutoka kambi yetu ya Dzaleka mpaka Lilongwe, mtu mwenye gari zuri anafika chai ya kwenye chupa ingali moto. Mimi na Furaha ilituchukua siku tatu kwenda na kurudi, na tangu turudi mmeniuliza mpaka mmenichosha. Mmeniuliza kwenye mstari wa mafundi cherehani, mmeniuliza bombani, hata kanisani wakati wa sadaka ndugu mmoja aliniinamia akanong'ona, "Papa Zakaria, bale basomi bakakucheka?" Kila nikisimulia kwa mdomo, kuna mtu anaondoka kabla ya mwisho na kwenda kutengeneza mwisho wake. Kwa hiyo naandika. Mimi nilifika darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza. Kalamu ikipinda mahali, mnisamehe. Sindano yangu haipindi.

Habari za ruhusa ya kutoka kambini na karatasi zake nimeziruka. Mnazijua, na hakuna aliyewahi kushiba kwa kuzisoma.

Kwanza kitambaa

Kwa wale ambao hamjaingia darasani kwa Furaha: huyu ni mtoto wa dada yangu, na anafundisha jiografia kwenye shule ya hapa kambini. Hakuwa na ramani hata moja. Kitabu cha ramani kilichowahi kuletwa kilikuwa kimechanwa kurasa za Afrika, zikabaki za nchi ambazo hakuna mtoto wetu anayezihitaji. Siku moja alinijia na kusema, "Mjomba, unishonee karte. Batoto banaimba majina ya mito kama nyimbo za kwaya, na hakuna mwenye anajua mito iko wapi."

Nikashona ninachokijua: njia tuliyopita kutoka kwetu Fizi, Congo, mpaka hapa. Shuka ya bluu chini. Fizi kitenge cha kijani. Ziwa nilitumia kitambaa cha ndani ya koti, kinateleza vizuri kama maji. Kipimo changu kilikuwa kimoja: shibiri moja, siku moja ya safari. Fizi, ambako tulitembea kwa miguu tukijificha, ikatoka shibiri kumi na moja. Tanzania, ambayo tuliivuka ndani ya lori, ikatoka shibiri mbili. Malawi, kutoka Karonga mpaka hapa, shibiri nne, kwa ajili ya kusubiri.

Batoto waliipenda. Kila mmoja aliweka kiganja chake juu ya kitambaa: "Sisi tulilala hapa. Hapa njo mbuzi yetu ilibaki." Darasa lililokuwa halinyamazi hata kwa fimbo likaanza kunyamaza lenyewe.

Halafu akaja mkaguzi. Akatazama, akacheka mpaka akashika ukuta. Tanzania ndogo kuliko Fizi! Akasema ile si ramani, ile ni nguo. Direkta wetu, mkuu wa shule, ambaye mwezi mzima alikuwa akileta wageni waione, naye akacheka. Direkta ni mtu wa heshima sana: anamheshimu yeyote aliyesimama mbele yake, mpaka huyo mtu atoke. Akamwambia Furaha kitambaa kiteremshwe Ijumaa, isipokuwa kama basomi wenyewe wataandika barua kwamba hiyo ni ramani na kwamba inafundisha.

Furaha akajibu, "Direkta, kitambaa kikitoka, na mimi natoka."

Direkta akasema, "Basi."

Neno fupi, na kazi nzima ya mtu ndani yake. Tena Furaha njo analisha wadogo zake wanne kwa hiyo kazi.

Wiki hiyohiyo, Furaha alikuwa amesikia, kulikuwa na mkutano Lilongwe kwenye chuo fulani: walimu wa jiografia na watafiti wa elimu, wamekutana ili waungane. Nikasema, vizuri, bantu ya kuungana ni bantu ya kusaidia. Nikakunja kitambaa.

Kambini mpaka lami

Jumanne asubuhi tulichukua kabaza mbili. Yangu ilipanda kilima mita thelathini, kijana akashuka, akanitazama, akaniita babu kwa Kichewa: "Agogo, kilima." Nikashuka. Kabaza ni baiskeli unayolipa ili uisindikize. Furaha alinipita juu ya yake ameshika mkoba, amekaa wima kama bibi harusi, na hakuniangalia, maana angeniangalia angecheka.

Kwenye lami tulikaa mpaka jua likawa kichwani. Magari madogo yalikuwa yamejaa watu mpaka madirishani, na mimi sikunji kitambaa changu mara kumi kikakae chini ya kuku wa mtu. Mwishowe likasimama lori lililobeba magunia matupu.

"Mnaenda wapi?" dereva akauliza kwa Kichewa.

"Lilongwe. Na wewe?"

"Mitundu."

Furaha akaniuliza, "Mjomba, Mitundu iko wapi?"

Sasa, mzee anaulizwa swali na mwalimu wa jiografia. Mngefanya nini? Nikasema, "Ni mtaa wa Lilongwe. Panda."

Lami mpaka Mitundu, ambako hatukuwa tunaenda

Furaha alikaa mbele na dereva, mimi juu ya magunia. Magunia matupu yamelala, upepo upo, kitambaa chini ya kichwa. Nikalala kama mfalme aliyezikwa.

Katikati nilisikia lori limesimama, na mtu anagonga ubao. Sauti ya Furaha: "Mjomba! Naona magorofa. Njo hapa?"

Nikajibu bila kufungua macho, "Bado! Mi naijua Lilongwe."

Niliyafungua nilipopigwa na harufu ya mbuzi. Hakukuwa na gorofa hata moja. Kulikuwa na soko, marundo ya viazi vitamu, mahindi, na anga kubwa. Tulikuwa tumeiingia Lilongwe, tukaivuka yote, tukatokea upande wa pili, tukaenda mbali tena. Mama mmoja muuza viazi alinieleza polepole, kama anavyoelezwa mtoto, kwamba mji niliuacha nyuma. Nikamshukuru: zikomo. Akaniuzia viazi vya kuchemsha, nikala nimesimama ili nisionekane nimekaa kuaibika.

Furaha alikaa juu ya gunia akala vyake. Alikuwa ametulia mno, na mtoto huyu akitulia anakutafuta.

"Mjomba."

"Sema."

"Leo nimejua juu ya nini Tanzania ni ndogo."

"Juu ya nini?"

"Ulilala."

Nikamwambia kwamba mimi nilikuwa na malaria kwenye lile lori, siyo usingizi, na kwamba mwenye kuvuka nchi na homa asichekwe na mtu ambaye wakati ule alikuwa na meno ya maziwa. Akasema, "Ndiyo, Mjomba." Akaendelea kumenya kiazi. Hakuna jibu linalouma kama ndiyo ya mtoto wa dada yako.

Mitundu mpaka Area 36

Tulirudi tumepanda nyuma kwenye gari la kubeba mkaa, na tukafika Area 36, mtaa wa Lilongwe wa kweli, kabla jua halijazama, weusi kuliko tulivyoondoka. Huko anakaa Mama Neema, shemasi, mtu wa Bukavu. Watu wa Bukavu mnawajua: hata akikupa maji anakuambia maji ya Bukavu yalikuwa namna gani.

Alitupokea, akatucheka, akatupa maji ya kuoga, akatucheka tena. "Bantu ya Fizi! Bazungu banafika mwezini, ninyi munapotea Mitundu." Lakini alisonga bugari na kupika sombe ya majani ya muhogo na karanga, na kwa sombe ile namsamehe hata angesema mara tatu.

Baada ya kula akataka kuona kitambaa. Nikakitandaza juu ya mkeka. Akazunguka na taa, akainama, akatafuta.

"Papa Zakaria. Bukavu iko wapi?"

"Sikupita Bukavu."

"Hukupita?"

"Nilitoka Fizi nikashuka ziwani. Bukavu iko juu kule. Ningepita kufanya nini?"

"Karte ya Congo haina Bukavu!" Akageukia Furaha. "Na wewe, mwalimu, unafundisha batoto ya bantu hiki kitu?"

Nilimweleza kipimo. Nikamweleza kwamba mtu hashoni njia ambayo hajakanyaga. Alinisikiliza vizuri sana, halafu akaenda ndani, akarudi na kifungo kimoja kikubwa cha koti, cheusi. "Ukishone pale juu. Kidogo tu. Batoto ya Bukavu nao banasoma kule." Nikakishona, maana nilikuwa bado na sombe yake mdomoni.

Area 36 mpaka mlango wa kwanza

Jumatano tulipita Area 18, nyumba zimepangwa kama shati jipya dukani, tukafika chuoni. Nje kulikuwa na bango kubwa. Furaha alinisomea: kuunganisha walimu wa jiografia na watafiti wa elimu. Neno kuunganisha lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyekundu ili lisipotee.

Ndani kulikuwa na korido moja yenye vyumba viwili, kimoja huku, kingine kule. Wa jiografia wamejifungia huku. Wa elimu wamejifungia kule. Kwenye ukuta unaovitenga kulikuwa na mlango wa kati, na mlango huo umefungwa kwa ufunguo. Nikauliza ufunguo uko kwa nani. Kwa mtu ambaye amekwenda msibani.

Tukabisha kwa jiografia. Alitoka mwanaume mrefu, miwani imefungwa kamba, akanisikia nikimwambia Furaha kitu, akafurahi. "Shikamoo, mzee wangu!" Alikuwa Mmalawi aliyesoma Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi mpaka kwenye kola. Nitamwita Daktari wa Ardhi.

Nikamfungulia kitambaa nusu. Hakucheka. Uso wake ulishuka kama wa mtu aliyeona mjomba wake amekondeshwa.

"Mzee, nimekaa Tanzania miaka minne. Nimepanda basi mpaka Mwanza. Tanzania si shibiri mbili."

"Kwangu zilikuwa mbili."

"Na hiki kifungo?"

"Bukavu."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Furaha akamweleza habari ya direkta, ya Ijumaa, ya barua. Daktari akasikitika kwa adabu sana. "Hapa kuna jambo, mwalimu. Kuna jambo kubwa. Ila kama kitambaa kinafundisha au hakifundishi, hilo si letu. Sisi tunashughulika na ardhi. Mtoto anavyoielewa ardhi, hilo ni la wenzetu wa chumba kile. Na bila wao kusema kinafundisha, mimi kusema ni ramani kuna maana gani?"

Akatuonyesha mlango wa pili kwa kidole.

Mlango wa kwanza mpaka wa pili: hatua kumi na mbili

Nilizihesabu. Kumi na mbili, kwa miguu yangu mifupi.

Kwa elimu alitoka mama mmoja mnene, mchangamfu, wote walimwita Profesa. Huyu hakujua Kiswahili, Furaha alitafsiri Kiingereza chake. Alipoona kitambaa alipiga makofi. Alikipiga picha. Alinipiga picha na kitambaa. Alisema maneno marefu sana, na nilipomtazama Furaha anitafsirie, Furaha akasema, "Amefurahi."

"Hayo yote ni amefurahi?"

"Mengine hata miye sikusikia, Mjomba."

Lakini tulipofika kwenye barua, mama akarudi nyuma hatua moja. Kinafundisha, ndiyo, bila shaka. Ila kinafundisha nini? Kama si ramani, kinafundisha uongo. Na yeye hawezi kusema kama ni ramani, jiografia aliikimbia kidato cha pili. Hilo ni la wale. Naye akanyoosha kidole.

Basi tukarudi hatua kumi na mbili. Daktari akasema ataandika akiona wenzake wameandika. Tukaenda kumi na mbili. Profesa akasema ataandika akiona wenzake wameandika. Mimi nimeshona suruali miaka thelathini, sijawahi kuona mguu wa kushoto unasubiri wa kulia ushonwe kwanza, na wa kulia unasubiri wa kushoto.

Hata chai walikunywa saa tofauti. Jiografia walikuwa na mandazi. Elimu walikuwa na sambusa. Mimi, kwa kuwa nilikuwa njiani siku nzima, nilikula kote kuwili, na nadhani katika nyumba ile yote ni mimi peke yangu nilijua ladha ya pande zote mbili. Sambusa zilikuwa bora. Sikumwambia mtu.

Ilipokaribia saa ya chakula cha mchana, Furaha alikaa kwenye ngazi, ameshika kichwa. "Mjomba, twende tu. Nitatafuta kazi ingine. Nitauza nyanya."

Hapo njo nilikasirika kweli. Nikachukua kitambaa, nikakitandaza chini kwenye korido, chote, kati ya mlango huu na mlango ule, ukuta mpaka ukuta. Nikavua viatu, nikapiga magoti katikati, nikaanza kukaza kifungo cha Bukavu.

Mnajua sheria yetu mafundi: kitambaa kikilala chini, hakikanyagwi. Mtu yeyote mwenye mama anajua. Milango ikafunguka, jiografia wakatoka na njaa yao, wakasimama ukingoni mwa Fizi. Elimu wakatoka, wakasimama upande wa Dzaleka. Hakuna aliyekanyaga. Chakula kiko nje, mlango wa kutokea uko katikati, na mbele yake kuna mzee na sindano.

"Mzee," Daktari akasema, "tupishe kidogo."

"Mtapita. Mnaweka saini wapi?"

Profesa akauliza Furaha nimesema nini. Halafu wakatazamana, Daktari na yeye, juu ya ziwa langu. Nikamwuliza Daktari, "Huyu mama unamjua?"

"Tunasalimiana."

"Tangu lini?"

Akafikiri. "Miaka sita."

Daktari akachuchumaa, nadhani kwa aibu ile, akaweka kiganja chake juu ya Tanzania. "Niambie kweli, mzee. Shibiri moja, siku moja. Siku za nani?"

"Zetu."

"Zetu ni nani? Ulikuwa peke yako?"

"Nilikuwa na mke wangu na mtoto."

"Na wao walihesabu mbili?"

Nikarudi kwenye kifungo changu. Furaha alitafsiri swali lile kwa Profesa, na yule mama akashika kifua kama aliyeitwa jina lake sokoni. Akaja kwa kuzunguka pembeni, ameinua sketi asikanyage Malawi, akaanza kusema na Daktari kwa haraka. Furaha aliniambia baadaye: mama alisema miaka yote anaandika habari ya hilohilo swali, mtoto anajifunza mahali kwa miguu ya nani. Daktari akasema wao pia wanaandika habari yake, ila wanaliita jina lingine. Akalitaja. Mama akataja lake. Wakabishana hapo, juu ya kichwa changu, kama mimi ni kigingi cha kutundikia koti. Chakula kikapoa. Wenzao wakaja wakachuchumaa. Hakuna aliyekumbuka mlango wa kati.

Mwishowe wakakubali kuandika. Mkafikiri yamekwisha? Daktari akaleta karatasi yenye alama ya idara yake juu. Profesa akaleta yenye alama ya idara yake juu. Hakuna aliyetaka kuweka saini chini ya alama ya mwenzake. Direkta alitaka barua, siyo barua mbili ambazo kila moja itasema iulizwe nyingine.

Zikatoka karatasi mbili. Moja inasema hii ni ramani, kwa sharti iandikwe siku ni za nani. Nyingine inasema inafundisha.

Nikazichukua, nikalaza ukingo juu ya ukingo, nikazishona. Mshono wa kurudi nyuma, ule wa makalio ya suruali za shule. Profesa alishika juu, Daktari alishika chini. Nilipomaliza sikuwa na mkasi, Daktari akainama akakata uzi kwa meno.

Kurudi

Kurudi hakuna la kusimulia. Alhamisi tulipanda gari dogo kama bantu wote, kitambaa kikakaa chini ya kuku wa mtu, na sikulala.

Tulikwenda moja kwa moja kwa direkta. Akasoma upande huu, akasoma upande ule, akageuza.

"Papa Zakaria, hii barua imeshonwa."

"Ndiyo."

"Mkaguzi akiuliza, nitasema nini?"

"Mwambie avute."

Akavuta yeye mwenyewe. Mnaujua mshono wangu. Akaiweka kwenye droo, akasema kitambaa kitabaki, na mwalimu atabaki, ila sharti litimizwe kabla ya kesho: iandikwe ni siku za nani. Direkta kwa sharti, mumuachie.

Nikaenda nyumbani. Mama Ester, mke wangu, alikuwa anatwanga sombe nje. Nilikaa kwenye kiti nikamtazama kwanza. Tumeoana miaka mingi kuliko umri wa Furaha, na swali hili sikuwahi kumwuliza.

"Mama Ester. Tanzania ilikuwa siku ngapi?"

Mchi ukasimama. "Leo njo unaniuliza?"

"Leo."

"Tisa." Akaendelea kutwanga, na kila siku akaipiga kwa mchi. Siku ya tatu lori lilikufa. Ya nne na ya tano tulilala chini ya lori hilo, yeye ananiwekea kitambaa cha maji kichwani, Ester mgongoni analia. Ya sita akatembea kutafuta kijiji. Ya saba mama mmoja alitupa uji na dawa, na yeye akamwachia kitenge chake cha harusi.

"Kile kitenge kiliibwa," nikasema.

"Nani alikuambia?"

Hakuna aliyeniambia. Nilijiambia mwenyewe. Nilikuwa nimewalaani wezi wa Tanzania miaka yote hii, na mwizi hakuwepo.

Nikachomoa uzi wa Tanzania usiku haujaingia. Mama Ester akaingia ndani, akanitupia kitenge cha rangi ya chungwa. "Na hiki usikate vibaya."

Ijumaa kitambaa kilitundikwa tena. Kwenye Fizi na Malawi nimeshona: siku za Zakaria. Kwenye Tanzania: siku za Mama Ester, na Furaha alikagua herufi. Shibiri tisa. Bado ni ndogo kuliko Fizi, mkaguzi akirudi acheke tena. Ila sasa kitambaa hakitoshi ukutani, kimepinda kona na kupita mbele ya mlango, na direkta akitaka kuingia darasani lazima kwanza ainue Mbeya kwa mkono.